Betri ya Bahilai

Tiit-Alaas, 9 Oktoba 2004

Erchim mwanangu, roho yangu,

Mimi mzima, ng'ombe wazima, jiko linavuta vizuri tangu nilipolikandika upya kwa mikono yangu hii, na hakuna mwanamke wa rika langu kijijini anayeweza kukandika jiko kama mimi. Hilo unalijua.

Jana dukani nilimwambia Maappa, mbele ya watu, "Mwanangu ni mkuu wa kituo cha hali ya hewa Kihil-Haya. Baridi yenyewe haiteremki mpaka yeye aiandike." Akakaza midomo kama mtu aliyeshika sindano kwa meno. Mwanawe Bahilai anaendesha lori la magogo, ananuka dizeli hata akitoka kuoga. Mimi sikusema neno juu ya hilo. Nilinusa tu.

Sasa nikuulize. Pikapu yako inakwenda wapi?

Maana wewe uliondoka kwa helikopta. Mwenye gari akisafiri msimu mzima, gari hulazwa: maji yanamwagwa, magurudumu yanapandishwa juu ya magogo, betri inaingizwa ndani. Marehemu baba yako alilaza trekta namna hiyo kila mwaka. Mkeo hakuilaza pikapu. Anaiamsha.

Nimemwona kwa macho yangu, dirisha langu linatazama ua wenu, sikwenda kupeleleza. Amebandika vioo vya pili juu ya vile vya kwanza, pande zote, ili visishike barafu. Ndani ya boneti amepigilia sufu nene iliyoshindiliwa. Anashona blanketi la gari kwa magodoro ya kijeshi, mshono wake mrefu mrefu, mimi ningeshona mzuri zaidi. Yote haya ya nini? Aende kufundisha? Shule iko pale, nikikohoa wanafunzi wananiitikia.

Na nani amelala chini ya gari na spana mkononi? Bahilai wa Maappa. Anapewa chai. Anapewa na samaki.

Jambo la mwisho. Helikopta ya wiki iliyopita ilileta barua mbili kutoka kwako. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Ya mkeo Kunney ilikuwa nene, bahasha imetuna. Sikuuliza. Nimeona tu.

Mama yako anayekupenda kuliko wote,
Balaaya


Kihil-Haya, 6 Novemba

Mama,

Nimepata barua yako, na siagi, na soksi. Asante. Huku tumeshapita arobaini chini ya sifuri. Naandika nimeegemea, ndiyo maana mwandiko umelala.

Kuhusu gari, mwache Kunney alitengeneze. Gari likilazwa muda mrefu mipira yake inakauka na kupasuka. Mimi ndiye niliyemwambia, na mimi ndiye niliyemwomba Bahilai amsaidie. Bahilai anazijua barabara za barafu kuliko mtu yeyote upande huo wa mto. Usimtie maneno.

Mama, nakuomba kitu kimoja. Dukani usizungumze sana habari zangu.

Usiguse gari.

Erchim


Tiit-Alaas, 22 Novemba

Erchim mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma inapungua.

Unasema nisizungumze habari zako. Hayo ni ya unyenyekevu, umeyatoa kwa baba yako, kwangu hukuyatoa. Lakini "usiguse gari" umeyatoa wapi? Hujawahi kunisemesha hivyo. Na mwandiko umelala kama wa mgonjwa au wa mtu anayedanganya. Mgonjwa si wewe, maana ungeniambia mimi wa kwanza. Basi nikajiuliza: huyu mwanangu anamfichia nani? Nikapata jibu. Unaijua tabia ya mkeo, unaona aibu, unamfunika.

Usinikasirikie. Sikiliza kwanza.

Kunney amefunga tangi la pili la mafuta nyuma, na anaichanganya dizeli na mafuta ya taa ili isigande. Amemwaga oili yote nzito, gia boksi na difu ya ekseli ya nyuma, akatia nyepesi ya baridi kali. Amebadilisha mipira ya maji. Amepata tairi mbili za spea. Nikaenda kwake, nikakaa, nikauliza kwa upole wangu:

"Kunney, unasafiri?"

"Hapana, Mama."

"Tangi la pili la nini?"

"La akiba."

"Akiba ya kufika wapi?"

"Chai yako imepoa, Mama. Nikuongezee?"

Umesikia? Nikatoka nje nikamkuta Bahilai anakata kadibodi ya kuziba rejeta. Nikamwambia, "Bahilai, huna kwenu?"

"Ninako, Mama Balaaya, ila kwetu hakuna pikapu nzuri hivi."

"Na mke je?"

"Wangu bado anatafutwa."

Akacheka. Nikamwangalia mpaka kicheko kikamwishia.

Halafu Jumapili ya tarehe kumi na nne, asubuhi, nilikwenda kuomba chumvi. Naapa nilikuwa sina chumvi. Nikasikia harufu ya siagi. Kunney ameinamia jiko, amepika chapati za maji, na ile ya kwanza, ya moto, inayodondoka siagi, ameitia motoni na midomo yake inachezacheza. Erchim, mwanamke halishi moto asubuhi ya siku isiyo na sikukuu ila anaomba njia. Safari ndefu. Aliponiona akafunga mlango wa jiko haraka.

Na sasa lile ambalo kalamu haitaki kuliandika. Kando ya jiko, juu ya benchi, palikuwa na betri mbili. Moja ni yako. Ya pili ina kamba nyekundu ya kushikia, kijiji kizima kinaijua, ni ya lori la Bahilai. Ilikuwa kavu, ina joto. Ililala pale.

Wewe ni mtoto wa huku, huhitaji kuelezwa. Mwanamume akifika mahali jioni, akiwa anaondoka huacha injini inanguruma nje. Akiwa analala, hufungua boneti, anakumbatia betri yake, anaingia nayo ndani. Sijaona maishani mwangu betri imelala nyumba moja na mwenyewe nyumba nyingine. Nimerudi siku iliyofuata: ipo. Na iliyofuata: ipo.

Anaingoja barabara ya barafu ifunguliwe. Mto ukishika barafu, atapanda pikapu yako, iliyotengenezwa vizuri kuliko gari lolote la wilaya hii (hilo nalikubali, vioo vimekaa sawasawa), na Bahilai kwenye usukani, na wewe utarudi ukute ua mtupu na alama za tairi.

Helikopta hairuki. Ukungu wa baridi umekaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria. Posta wanasema barua hii itasubiri. Mimi sitasubiri nayo.

Mama yako
Balaaya


Tiit-Alaas, 4 Desemba

Kwa Kunney, mke wa Erchim,

Barua hii inavuka ua tu. Ningeweza kuja mwenyewe, lakini nikija nitapiga kelele, na majirani wameshafurahi vya kutosha mwaka huu.

Leo ulipokuwa darasani, maana shule yenu haijui Jumamosi, niliingia kwako. Nimeitoa betri yenye kamba nyekundu. Nimeivuta juu ya theluji kwa kisleji cha kubebea kuni, nimeiweka nyuma ya zizi juu ya rundo la magogo, ilale inakostahili. Mwenyewe akiitafuta mwambie aje aniulize mimi.

Ya mwanangu sikuigusa. Ya mwanangu inajua nyumba yake.

Nilikupokea ukiwa na sanduku moja na vitabu. Nilikuvisha kofia yangu ya manyoya ya mbweha siku ya harusi, na watu wote walisema ilikuwa kofia nzuri kuliko zote zilizoingia ukumbini. Sikukuuliza kwenu mna ng'ombe wangapi. Nikasema, mwalimu, ana akili, atamtunza. Kumbe ulikuwa unajifunza barabara ya kutorokea.

Kama unakwenda, nenda kwa miguu. Pikapu haitoki.

Balaaya, mama yake Erchim


Tiit-Alaas, 4 Desemba, jioni

Mama,

Nimekwenda nyuma ya zizi. Betri imepasuka kwa baridi. Ilikuwa haijajaa chaji, na isiyojaa huganda; nilikuwa naichaji kidogokidogo kwa chaja ya Erchim, hii hapa jikoni kwangu. Ndiyo sababu ilikuwa inalala kwangu. Bahilai kwao hakuna chaja na lori lake limelala mpaka barabara ifunguliwe, kwa hiyo ametuazima. Kwenye baridi ya hamsini, betri moja haiwezi kuizungusha injini ile ikishapoa njiani. Zinatakiwa mbili. Bahilai alikuwa analala kwa mama yake.

Erchim aliniapisha nisikwambie. Nimenyamaza miezi miwili, nimekuacha unitazame ulivyonitazama. Leo naivunja ahadi, kwa sababu umevunja kitu ambacho mguu wake unakitegemea.

Erchim si mkuu wa kituo. Hakuwahi kuwa. Ni mchocheaji wa boila. Katika barua yake ya kwanza alikuandikia kwamba kituo kizima kinamtegemea yeye, na ni kweli, moto wake ukizimika wenzake wote wanaganda. Wewe ukasema dukani kwamba ni mkuu. Alipokuja kusikia, kijiji kizima kilikuwa kimeshampongeza, na wewe ulikuwa umeshachinja ndama. Akashindwa kurudisha maneno nyuma.

Mwishoni mwa Septemba bomba lilipasuka katika zamu yake. Maji ya moto yalimjaa kiatu cha kulia. Tabibu wa kituo alimkata vidole viwili, na kidonda hakikufunga. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye bahasha nene.

Helikopta ya Oktoba ilikuja. Tabibu alimwambia apande. Alikataa. Ile ya Novemba, iliyomletea barua yako na siagi, alikataa pia. Mama, helikopta inatua hapa, mbele ya duka, na wewe husimama pale kila inapotua. Aliniandikia hivi: "Sitashuka pale nikibebwa, mbele ya Maappa na wote, huku Mama anawaambia mkuu wa kituo amefika." Akasema kidonda kitapona. Akasema kama hakitapona, barabara ya barafu ikifunguliwa nimfuate kwa pikapu, nimpeleke moja kwa moja hospitali ya wilaya, wewe usijue mpaka awe anatembea.

Jana Bahilai aliongea na kituo kwa redio. Mguu umebadilika rangi, na ukungu bado unazuia helikopta. Barabara imefunguliwa leo asubuhi. Tulikuwa tuondoke kesho.

Ile chapati niliyoitia motoni ilikuwa yake.

Kunney


Tiit-Alaas, 5 Desemba

Kunney,

Usiizime injini. Ukisha kuiwasha kwa ile betri moja iache inanguruma uani mpaka nirudi, mafuta nitalipa mimi. Pasha difu kwa moto, na oili iliyo chini ya injini, polepole, usiunguze sufu. Nakwenda dukani. Jumapili wote wapo.

B.


Tiit-Alaas, 5 Desemba, mchana

Erchim,

Hii inakuja na Kunney, anaivaa kifuani chini ya koti, kalamu yenyewe nimeipasha jikoni ndipo ikakubali.

Nilimkuta Maappa dukani, anapima sukari. Wanawake wote walikuwepo. Nikasema:

"Maappa, nimeiua betri ya mwanao."

"Umeiuaje?"

"Nimeiweka nje."

"Umeisahau?"

"Sikuisahau. Makusudi. Nilidhani inalala na mkwe wangu."

Maappa akaacha sukari. Alicheka mpaka akatafuta gunia la kukalia. "Bahilai wangu? Balaaya, huyo analala nyuma ya pazia langu, anakoroma mpaka vikombe vinagongana! Ningempata mwanamke wa kumpeleka akoromee, ningekulipa wewe!" Wote wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nilistahili.

Kisha akajifuta macho akauliza, "Lakini Kunney anataka betri mbili za nini? Kama ni kumfuata mumewe, si ni mkuu wa kituo? Mkuu wa kituo hakupelekewa helikopta kabla ya ukungu?"

Wote wakageuka kwangu. Walikuwa wananitazama, Erchim, na nilijua namna ya kujibu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, zuri, lenye mapambo: kwamba mkuu ana vyombo vya siri, haviruhusiwi kupanda ndege. Ningelisema wangeliamini, au wangejifanya. Na Maappa asingetoa betri ya trekta ya mzee wake kwa ajili ya vyombo.

Nikasema, "Erchim si mkuu. Anachochea boila. Ameungua mguu na unaoza. Amekataa helikopta mara mbili kwa sababu mimi husimama pale nje nikijisifu."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Maappa akafunga mfuko wa sukari. Akasema, "Twende. Mzee atalalamika. Mwache alalamike." Tukaenda zizini kwao, akaifungua betri mwenyewe kwenye trekta, hakungoja mwanamume. Tuliivuta kwa kisleji changu, mimi mbele yeye nyuma, na njiani aliniambia jambo moja tu: "Boila ni kazi ngumu. Kaka yangu aliifanya." Bahilai alijua kila kitu tangu Oktoba na hata mama yake hakumwambia. Maappa ana hasira naye kuliko na mimi.

Sasa pikapu inanguruma. Njoo uione! Blanketi limefika mpaka mlangoni, kadibodi imekaa, matangi yote yamejaa, moshi unapanda mnyoofu. Kunney alilala chini ya gari mwenyewe akapasha difu kwa moto, uso mweusi kama sufuria, na nilipoona majirani wamejipanga uani nikawaambia, "Mnamwona? Huyo mkwe wangu. Nani kati yenu ana mkwe anayelala chini ya gari kwenye hamsini?" Hawana.

Nimemwomba radhi. Amesema, "Baadaye, Mama, sasa hivi nina haraka." Sijui kama amenisamehe. Namwangalia sana usoni nijue. Amevaa kofia yangu ya mbweha, lakini huenda ni kwa sababu ya baridi tu.

Nimewaambia Kunney na Bahilai wasivute hendibreki popote, itagandia, na injini isizimwe mpaka hospitali. Wananiitikia kama wanafunzi.

Bado ninamshuku mtu mmoja, na huyo ni wewe. Utasema mguu ni mzuri. Utasema si kitu. Nimemwagiza Kunney aufungue kitambaa, aone kwa macho, anuse kwa pua, asikubali neno lako hata moja.

Mkitoka hospitali usijifiche njia ya nyuma. Sina tena cha kuwaficha wale.

Mama


Hospitali ya Wilaya, 29 Desemba

Mama,

Kunney anasema nikuandikie ukweli au ataandika yeye. Wamekata nusu ya unyayo, sehemu ya mbele. Kisigino kimebaki. Daktari anasema tungechelewa wiki moja wangekata gotini. Inauma usiku, mchana inawasha. Huo ndio ukweli wote, na Kunney ameusoma.

Gari halikuzimika hata mara moja. Katikati ya mlima mpira mmoja wa maji ulitaka kupasuka, Bahilai akaufunga kwa skafu yake. Amenisimulia njia nzima habari za betri yake na wewe. Nilicheka mpaka mguu ukauma.

Sijui bado nikuambie nini kuhusu yale ya dukani. Niliisoma barua yako nikiwa nimelala kiti cha nyuma, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Miezi yote ile nilikuwa nawaza utakavyosikia, na utakavyonitazama. Sikuwahi kuwaza kwamba utasema mwenyewe.

Tulipofika, muuguzi aliniuliza jina, umri, kazi. Nikasema mchocheaji wa boila. Akaandika. Hakuinua hata kichwa.

Tunaondoka hapa Jumatano ijayo, tutafika kukiwa kweupe. Nimemwambia Bahilai asimamishe gari mbele ya duka. Nitashuka pale, nina gongo, nitatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Itachukua muda. Watu watatazama.

Usije kunishika mkono, Mama. Simama mlangoni.

Erchim